Kumi na Mbili na Tisa: Namba za Udongo Zinazogombana Mezani

Mama mmoja mwenye kiwanja upande wa Buhongwa, hapa Mwanza, aliniwekea karatasi mbili juu ya boneti ya gari. Ya kwanza aliandikiwa na vijana wa kupima udongo waliokuja na chuma chao begani, wakamaliza kabla ya saa sita mchana. Ya pili ilitoka kwa watu wa mtambo wa miguu mitatu. Hao walikaa siku mbili, na bei yao aliitaja kwa kunong'ona kama mtu anayetaja ugonjwa. Kila karatasi ilikuwa na namba moja aliyoizungushia kalamu nyekundu.

"Mwanangu, huyu kasema 12, yule kasema 9. Nani kanipunja?"

Msicheke. Wahandisi wenzangu wanauliza swali hilo hilo kila wiki, ila wao wanalivalisha suti: N ya 9 ni sawa na CBR ngapi? Koni ikisoma megapaskali 3, hiyo ni N ngapi? Vyote hivyo ni vipimo vya nguvu ya udongo, tutavifikia kimoja kimoja. Majedwali ya kubadilisha namba moja kuwa nyingine yapo tele, na yanajibu haraka. Yanajibu hata pale ambapo hakuna aliyeyaambia udongo wenyewe ni wa aina gani.

Nenda Mwaloni, Kirumba, ukaulize debe moja ni kilo ngapi. Muuza dagaa atakujibu kwa swali: debe la nini? Debe la maji ni kilo 20, hilo halina ubishi. Debe la mahindi liko karibu na hapo, halifiki. Debe la dagaa wakavu unalinyanyua kwa mkono mmoja huku unaongea na simu. Kati ya debe na kilo uhusiano upo, tena mzuri, lakini haupo mpaka useme ndani kuna nini. Vipimo vya nguvu ya udongo vinakwenda vivyo hivyo.

Tuvitazame vyombo vyenyewe. Kile cha vijana kinaitwa DCP. Ni fimbo ya chuma yenye koni ya kipenyo cha milimita 20 mwishoni, na juu yake nyundo ya kilo 8 inayoanguka sentimita 57.5. Mmoja anashika wima, mmoja anainua na kuachia, wa tatu anasoma rula na kuandika. Kinachoandikwa ni milimita ngapi koni imezama kwa kila pigo. Babu yake kifaa hiki ni koni ya Scala, iliyotokea Australia mwaka 1956. Wa Afrika Kusini wakaiboresha kwa ajili ya barabara, na mpaka leo barabara ndiyo kazi yake kubwa. Hakiendi mbali: kama mita moja, ukiunganisha fimbo mita mbili.

Mtambo wa miguu mitatu ni SPT. Hapa unachoronga shimo kwanza, unateremsha bomba nene la chuma lililopasuliwa katikati kwa urefu, lenye kipenyo cha nje cha milimita 51, kisha unaligonga kwa nyundo ya kilo 63.5 inayoanguka sentimita 76. Unahesabu mapigo ya kuzamisha sentimita 15 mara tatu. Zile 15 za mwanzo unazitupa kwa sababu sakafu ya shimo imevurugwa na uchorongaji. Mbili zinazobaki unazijumlisha, hiyo ndiyo N. Mchezo huu ulianzia Boston mwaka 1902 kwa Charles Gow, ambaye hakuwa na haja ya N yoyote. Alitaka sampuli ya udongo itoke juu aione. Ni mwaka 1948 ndipo wahandisi wa udongo Terzaghi na Peck walipoifanya N kuwa lugha ya dunia nzima. Sampuli ile bado ndiyo inayonifanya niipende SPT kuliko wadogo zake. Ukilifungua lile bomba kama ganda la karanga, unauona udongo, unaunusa, unauviringisha kwenye vidole. DCP haikupi hata punje.

Sasa turudi kwenye 12 na 9, maana hesabu yake inaingia nyuma ya bahasha. Nyundo ya DCP ikianguka inatoa jouli 45 hivi, na koni yake ina eneo la sentimita za mraba 3.14. Kila sentimita ya mraba inapata kama jouli 14.4. Nyundo ya SPT inatoa jouli 473, na ukilihesabu bomba lake kama limeziba, ni sentimita za mraba 20.4, yaani kama jouli 23.2 kwa kila moja. Karatasi ya vijana ilisema koni imezama milimita 21 kwa pigo. Gawa 14.4 kwa 21, unapata 0.69. Karatasi ya pili ilisema N ni 9, maana yake mapigo 9 kwa milimita 300, au milimita 33 kwa pigo. Gawa 23.2 kwa 33, unapata 0.70.

Hakuna aliyempunja. Kwa hesabu hii ya kienyeji, isiyojali nguvu inayopotea njiani wala udongo unaoingia ndani ya bomba, karatasi zote mbili zinasema udongo ule unadai nguvu ile ile ili upishe chuma. Nikiri kwamba kulingana kwa karibu namna ile kuna bahati ndani yake, maana koni ilipima ndani ya mita moja ya juu na bomba lilianzia mita moja na nusu. Lakini 12 ilitoka wapi basi, ikiwa koni iliandika 21?

Ilitoka kwenye mlinganyo. CBR ni kipimo cha maabara cha watu wa barabara, kilichozaliwa California: unasukuma pistoni ya kipenyo cha milimita 50 hivi ndani ya udongo ulioshindiliwa kwenye kopo la chuma, unalinganisha na mawe yaliyosagwa ambayo ndiyo yanaitwa 100. Vijana hawakufanya hayo. Walichukua ile 21 wakaitia kwenye mlinganyo wa TRL, maabara ya Uingereza ya utafiti wa barabara, unaosema logi ya CBR ni 2.48 toa 1.057 mara logi ya milimita kwa pigo. Jibu ni 12. Wangetumia mlinganyo wa kikosi cha uhandisi cha jeshi la Marekani, 292 gawanya kwa milimita zilizopandishwa kipeo cha 1.12, wangepata chini kidogo ya 10. Koni ni ile ile, udongo ni ule ule, asubuhi ni ile ile, na namba ni mbili. Mtu akikupa CBR ya DCP bila kutaja mlinganyo, mwombe milimita zake ghafi. Milimita hazina ubishi.

Ndani ya debe kuna nini, basi? Mwanza hili ni rahisi kuliko miji mingi, kwa sababu wazee walishaufanyia kazi. Msukuma akishuka kutoka kwenye mawe kuelekea bondeni anataja udongo kwa zamu: juu karibu na mawe ni isanga, mchanga wa chengachenga, chini yake luseni, kichanga chepesi, halafu itogolo, wenye tabaka gumu chini ya uso, pembezoni mwa bonde ibushi, wenye chokaa, na mwisho mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kukuvua kiatu masika. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani kule Tanga, alilipa jina wazo hili la udongo unaobadilika kwa mpangilio kadiri mteremko unavyoshuka. Aliuita mnyororo, katena, na neno hilo sasa linafundishwa vyuoni duniani kote. Mimi nikifika kiwanjani humuuliza jirani kwanza: hapa mnapaitaje, na mnalima nini? Jibu lake linanipa nusu ya kazi kabla sijateremsha chuma.

Kwa nini jina la udongo lina uzito wa namna hiyo? Chukua koni ya Kiholanzi, CPT, ile inayosukumwa polepole bila kugongwa, sentimita 2 kwa sekunde, ikipima ukinzani wa ncha na msuguano wa ubavuni kwa wakati mmoja. Udongo wenye N ya 10, ukiwa mchanga, koni hiyo itasoma kama megapaskali 4 au 5. Ukiwa mfinyanzi, itasoma 1, pengine 2. Uwiano unapanda kadiri punje zinavyokuwa nene, na watafiti Robertson na Campanella walishachora mchoro wake miaka ya 1980. Sababu ni maji. Mfinyanzi ukigongwa ghafla maji yaliyomo hayapati muda wa kutoka, kwa hiyo unajibu kwa namna moja. Mchanga unayaachia hapo hapo, unajibu kwa namna nyingine. Anayetumia kizidishio cha mchanga kwenye mbuga anauza dagaa kwa uzito wa mahindi.

Kwenye kichanga, hasa cha kando ya ziwa, matata hayaishii hapo. Nyundo zenyewe hazifanani. Ile inayovutwa kwa kamba iliyozungushwa kwenye kapi, na kibarua amechoka, inaweza kufikisha chini asilimia 45 tu ya nguvu yake. Ile inayojifungua yenyewe inafika 80. Dunia ikakubaliana kurudisha kila N kwenye asilimia 60. Udongo ambao kwa haki una N ya 15, mtambo wa kwanza utahesabu 20 na wa pili 11. Sijawahi kuona ripoti mtaani kwetu iliyoandika kamba ilizungushwa mara ngapi. Mara mbili ndiyo desturi nzuri. Ya tatu inaiba nguvu.

Halafu ziwa lenyewe. Mwaka 2020, na tena 2024, Ziwa Victoria lilipanda watu wakahama nyumba zao, na maji ya chini ya ardhi karibu na mwambao yakapanda nalo. Mchanga ukiwa mkavu, kwa kina cha mita 5 punje zinabanwa na uzito wa kilopaskali 90 hivi. Maji yakifika juu kabisa, yanazibeba punje, na kinachobaki ni kama 46. N ya mchanga hufuata kwa makadirio kipeuo cha pili cha mbano huo, kwa hiyo N ya 20 ya mwaka wa ukame inashuka kuwa kama 14 bila punje moja kuhama mahali pake. Anayelinganisha ripoti ya zamani na mpya bila kuangalia maji yalikuwa wapi anaweza kumshitaki mtu bure. Kuna na uzembe mdogo unaofanana na huo: mchorongaji akiacha maji ya shimoni yashuke chini ya maji ya nje, mchanga unachemka kutoka chini kama uji, na N inayosomwa hapo ni ya uji. Shimo lijazwe maji muda wote. Ni ndoo chache tu.

Mbuga ndiyo inayonikosesha usingizi. Agosti ukipiga DCP bondeni, udongo umekauka kama tofali, koni inashuka labda milimita 5 kwa pigo. Tia kwenye mlinganyo wa TRL: CBR 55. Unajisikia tajiri. Rudi Aprili mahali hapo hapo, inashuka milimita 50: CBR 5. Mwongozo wa usanifu wa barabara wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 umegawa udongo wa asili katika madaraja S3, S7 na S15, namba zikiwa ni CBR ya chini kabisa ya kila daraja. Kiwanja chako kimeruka kutoka juu ya S15 mpaka S3 kwa mvua za msimu mmoja. Koni haikusema uongo hata mara moja. Ilipima udongo wa siku ile, wakati CBR ya maabara kwa desturi hulowekwa siku 4 kabla ya kusukumwa. Mlinganyo unaunganisha nguvu kwa unyevu uliopo. Haulowekei mtu udongo.

Itogolo nao una ujanja wake: tabaka gumu juu, laini chini. Ukichukua wastani wa mita nzima unapata namba nzuri ya udongo usiokuwepo popote katika mita hiyo.

Kwa mfinyanzi laini kuna chombo kinachouliza swali moja kwa moja, nacho ni mapanga manne yaliyopangwa msalaba, urefu mara mbili ya upana. Unayazamisha, unazungusha polepole, unasoma nguvu inayotakiwa mpaka udongo ukatike mviringo. Hapo hakuna mlinganyo wa kubahatisha, ni jiometri tu. Hata hivyo kwa mfinyanzi wenye unyumbufu mkubwa namba yake huwa imezidi, na tangu mhandisi Bjerrum alipoonyesha hivyo mwaka 1972 tunaipunguza, wakati mwingine hata kwa robo. Na panga likikutana na kokoto ya chokaa kwenye ibushi, linasoma kokoto. Kutoka N kwenda kwenye nguvu hiyo hiyo, watu huzidisha kwa namba kati ya 4 na 6 kupata kilopaskali: N ya 8 inakuwa popote kati ya 32 na 48. Upana huo wenyewe uwe onyo. N chini ya 4 kwenye mfinyanzi siitegemei kabisa. Mapigo mawili na mapigo matatu yanatenganishwa na mkono wa kibarua.

Kibaya zaidi ni kuunganisha milinganyo kama mabehewa. Nimeona N ikigeuzwa kuwa ukinzani wa koni, ukinzani ukageuzwa kuwa milimita za DCP, milimita zikawa CBR, na CBR ikatoa uzito ambao msingi wa ghorofa ungebeba. Tuseme kila hatua inaweza kukosea kwa asilimia 30 tu, ambayo ni huruma. Hatua tatu zikikosea upande mmoja, jibu linakuwa mara 2.2 ya ukweli, au theluthi yake. Mwishoni likaandikwa kwa desimali mbili.

Dawa ninayoiamini ni ya kizamani: fanya vyote viwili mahali pamoja. Kama una fedha ya mashimo 3 ya SPT na kiwanja kikubwa, piga DCP mita moja kutoka kila shimo, siku hiyo hiyo, kwa kina kile kile, chimba na sampuli ya kopo moja ya kupima unyevu. Chora nukta zako mwenyewe kwenye karatasi. Nukta 8 za luseni wa Kisesa zitakufaa huko Kisesa kuliko mlinganyo uliotengenezwa kwa nukta 2,000 za nchi nyingine. Kisha sambaza DCP kiwanja kizima, ni rahisi. Nukta zikikataa kukaa kwenye mstari, usilazimishe. Mara nyingi zinakuambia una udongo wa aina mbili ulioutaja kwa jina moja.

Nikamweleza mama haya kwa kifupi, na debe la dagaa lilimwingia kuliko jouli. Nikamwonyesha kwamba hakupaswa kuzungushia ile 9. Neno la kuzungushia lilikuwa chini kabisa ya karatasi ya pili: mita 2.6, imegoma. Mapigo 50 yametimia kabla ya sentimita 15 kukamilika, wakafunga mtambo, wakaandika "mwamba".

Mwanza si mahali pa kuliamini neno hilo. Granaiti yetu ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na imeoza kwa kufuata nyufa zake. Maji yanapenya kwenye ufa, yanakula kingo na pembe, kiini kinabaki duara. Udongo ukisombwa, viini vinabaki vimekaa juu ya vingine, kama vile Jiwe la Bismarck linalopigwa picha na kila mgeni. Udongo usiposombwa, viini hivyo hivyo bado vimo ardhini, vimezungukwa na granaiti iliyooza unayoweza kuichimba kwa kijiko. SPT, DCP na CPT zote zikikutana na kiini zinagoma kwa sauti moja, na hakuna mlinganyo duniani utakaotofautisha jiwe linaloelea na mwamba. Vibarua wazoefu wanasikia kidogo: juu ya jiwe gumu nyundo inalia na fimbo inarukaruka, kwenye mwamba uliooza inatoa mlio wa kuziba. Lakini sikio si ushahidi. Ushahidi ni kuchoronga kwa almasi mita kadhaa ndani ya hilo jiwe uone kama linaisha, au kuhamia pembeni ukajaribu tena.

Tulihamia pembeni, hatua nne. Shimo la pili lilipita mita 2.6 bila kelele. N ikawa 14 kwenye mita 3 na 22 kwenye mita 4.5, na bomba likapandisha chenga za manjano zenye ulanga unaometa. Kisha tukawaweka vijana wawili na sururu pale pa kwanza. Jioni ya siku ya pili lilikuwa wazi, jiwe la ukubwa wa bajaji, limelala kwenye udongo ule ule wa manjano. Mkono uliingia chini yake mpaka kiwiko. Nusu ya msingi ingekaa juu ya jiwe na nusu juu ya udongo, na nyumba ingepasuka mahali pale pale mchoro ulipoonyesha sebule.

Mama alishuka ngazi mpaka chini, akaligonga jiwe kwa kiganja mara mbili kama anayechagua tikiti. Karatasi zake mbili alikuwa amezikunja kwenye mkanda wa kanga, hakuziuliza tena.

"Hili," akasema, "likivunjwa, linatoa tripu ngapi za kokoto?"